Chaja inagoma ugenini, au kitu cha nje kinaungua ukikichomeka Dodoma? Tafuta dalili yako hapa

Wanaoniletea kesi hizi wapo wa aina mbili. Kuna anaesafiri: mtumishi wa Mtumba kapata kozi Korea, mwanafunzi wa UDOM kapata skolashipu Ujerumani, mama anaenda umra, mfanyabiashara wa Majengo anafuata mzigo Guangzhou, hao wanauliza ninunue adapta gani. Halafu kuna anaepokea, mwanae yupo Marekani kamtumia blenda au mashine ya nywele, au kanunua ampu ya muziki (amplifaya) ya mtumba wa Japani, huyu anakuja kitu kikiwa kimeshatoa moshi. Ugonjwa ni uleule ila umegeuzwa upande, na wote wangepona kwa kusoma ile stika ndogo ya chini ya kifaa ambayo hakuna mtu anahangaika nayo.

Kwahiyo kabla hujaenda kwenye dalili, geuza chaja yako uisome. Tafuta palipoandikwa INPUT. Ukikuta 100-240V na 50/60Hz (V ni volti, Hz ni hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde) basi kifaa hicho ni cha dunia nzima, unachohitaji ni adapta tu ya kubadili miguu, na chaja karibu zote za simu na laptop za saivi ziko hivyo, usikubali mtu akuuzie konveta kwa ajili ya simu. Ukikuta 220-240V peke yake, itafanya kazi hapa kwetu, Kenya, Uingereza, Dubai, India, China na Ulaya, ila ukienda nayo Marekani, Kanada au Japani itakusumbua. Ukikuta 120V au 100V peke yake, hiyo ukiileta Tanzania ukaichomeka kavukavu umeiua, kwa sababu umeme wetu ni volti 230 na hezi 50.

Na hili liingie vizuri maana ndo mzizi wa kesi nyingi: adapta ni plastiki yenye vyuma ndani, inabadili umbo la miguu basi, umeme unaotoka ni uleule ulioingia. Ya kubadili volti ni transfoma au konveta. Na ya kubadili hezi hautaikuta kirahisi dukani, zile konveta na transfoma za kawaida zote zinaacha hezi kama zilivyo. Tutarudi kwenye hezi maana watu wanaisahau.

Plagi haiingii kabisa

Hapa hamna kilichoharibika, ni miguu tu. Sisi tunatumia ya miguu mitatu bapa ya Kiingereza, ile wanaiita aina G, na kwenye nyumba za zamani bado unakuta soketi za duara tatu za Kihindi, aina D. Kama unaenda Kenya, Uganda, Malawi, Uingereza, Dubai au Saudia, plagi yako inaingia kama upo nyumbani, usinunue kitu. Rwanda, Burundi na Uturuki utakutana na soketi za miguu miwili ya duara. Ulaya bara ndo hivyohivyo ila kila nchi ina ujanja wake: Ujerumani soketi imezama ndani kama kisahani, Ufaransa kuna msumari wa ethi (njia ya kushusha umeme unaovuja kwenda ardhini) unatokeza kwenye soketi yenyewe, Uswisi shimo lake ni dogo lina pembe pembe. Adapta nene ya Kariakoo inaweza kuwa na miguu sahihi kabisa lakini mwili wake hauzami mle ndani, na hiyo ndo sababu mtu anakwambia "nilinunua ya Ulaya na haikuingia". Nunua ile nyembamba ya miguu miwili, hiyo inaingia karibu kote huko.

China soketi nyingi zina matundu ya miguu miwili pamoja na yale matatu ya kulala mshazari, adapta ya miguu miwili bapa inakutosha, na volti zao ni 220 kwahiyo konveta ya nini. Marekani na Kanada ni miguu miwili bapa iliyosimama, wakati mwingine na wa tatu wa duara chini. Japani ni kama Marekani ila mara nyingi soketi haina tundu la tatu, ukienda na adapta yenye miguu mitatu umekwama, na angalia pia mguu mmoja usiwe mpana kuliko mwenzake maana soketi nyingi za zamani hazimpokei huyo mpana.

Ya Afrika Kusini naitenga kwa sababu inawaliza wengi. Wao wana miguu mitatu ya duara mikubwa, na adapta nyingi zinazoandikwa "za dunia nzima" hazina miguu hiyo. Soketi mpya kule zinakuja za aina nyingine ndogo inayopokea ile nyembamba ya miguu miwili, ila usitegemee kwamba hoteli yako ni mpya. Kama hapa Dodoma hujaipata, ukishuka Johannesburg nunua supamaketi ya kwanza unayoiona kabla hujafika chumbani.

Kuna wenye mkosi wa upande wa pili, wamerudi na chaja ya miguu miwili na hapa soketi inaikataa. Soketi yetu ina vimlango ndani, vinafunguka mguu wa juu wa ethi ukiingia maana ndo mrefu kuliko wenzake. Na kila mtu anajua dawa ya mtaani: unachomeka kalamu au chelewa la ufagio pale juu, vimlango vinafunguka, unasukuma plagi. Inaingia kweli. Shida ni kwamba soketi ile haikutengenezwa kushika miguu ya duara, inashika kwa ncha tu, inapata moto, na ikishapanuka hata plagi yake halali haishiki tena. Na siku mtoto anakuona unafanya vile atajaribu na msumari. Adapta ni hela ndogo, nunua.

Imeingia vizuri ila hamna umeme

Usikimbilie kusema chaja imekufa. Kwanza hoteli nyingi Dubai, China na Ulaya unachomeka kadi ya mlango kwenye kijumba karibu na mlango, ukitoka na kadi yako soketi zote zinazima, ndo maana umeacha simu inachaji ukarudi imebaki asilimia ileile. Omba kadi ya pili mapokezi. Uingereza soketi zina swichi kama zetu. Marekani ni ajabu zaidi, soketi haina swichi lakini kuna vyumba ambapo swichi ya ukutani inayoonekana ya taa ndo inawasha soketi moja, iguse kwanza. Bafuni kwao soketi ina vitufe viwili katikati, TEST na RESET, ikikata bonyeza RESET.

Ukiona bado, angalia fyuzi. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani na adapta nyingi nazo zina yake, ndogo ya kioo au ya kauri. Watu wanatupa adapta nzima kumbe ni fyuzi tu. Ila usiweke waya badala yake, na kama iliungua ukiwa umechomeka pasi basi fyuzi imefanya kazi yake.

Kuna kesi moja ya kompyuta za mezani za zamani: nyuma kuna kitufe chekundu kimeandikwa 115 na 230. Kikiwa kwenye 230 na upo Marekani, haiwaki, hamna madhara, telezesha tu kwa bisibisi ikiwa imechomolewa. Kinyume chake ndo habari nyingine, na hiyo inatupeleka kwenye moshi.

Umechomeka ukasikia pah, au ikazunguka kwa kasi kidogo halafu ikanuka

Hiki ni kitu cha volti 120 au 100 kimepewa 230. Hamna kesi nyingine inayoniletea watu wengi kama hii.

Chukua hii niliyofungua mezani hapa. Blenda imetoka Marekani, mama mmoja wa Ilazo katumiwa na binti yake, nzuri, jagi la kioo, vitufe kibao. Miguu haikuingia kwenye soketi, akaenda dukani akasema nataka adapta, akapewa adapta, ikaingia. Kaweka maembe, kabonyeza, anasema ikalia kwa sauti ambayo hajawahi kusikia blenda inalia, juisi ikapanda mpaka kwenye mfuniko, halafu moshi. Geuza chini, stika ipo palepale: 120V 60Hz. Ukifungua skrubu nne unakutana na harufu ya vanishi iliyoungua, waya za shaba ambazo zilitakiwa ziwe na rangi ya asali zimekuwa nyeusi, na kwenye brashi za kaboni kuna vumbi jeusi limetapakaa kote. Hiyo unasuka mota upya au unaitupa, na kwa blenda kusuka hakulipi.

Muuza duka hakumdanganya, aliulizwa adapta akauza adapta. Ila angalau angeuliza kinaenda kuchomekwa nini.

Kwa vitu vya kupasha moto hesabu inatisha zaidi. Volti zikiongezeka karibu mara mbili, wati haziongezeki mara mbili, zinaongezeka karibu mara nne. Jiko la wali la wati 500 la Marekani ukilichomeka hapa linakula zaidi ya wati 1,800 kwenye waya uliotengenezwa kwa 500. Pasi ya nywele ya namna hiyo inakuwa nyekundu, plastiki inalainika mkononi, na ukichelewa ni nywele zenyewe. Na hizo kompyuta za kitufe chekundu zikiwa kwenye 115 ukazichomeka hapa, pah moja tu, power saplai imekwenda.

Halafu kuna hii ambayo hata mafundi wengine wanaikosa: ekstensheni yenye kinga ya umeme mkubwa kutoka Marekani. Mtu anajiambia ekstensheni ni waya tu, ina ubaya gani. Ndani yake kuna kidude cha kinga kilichopimwa kwa volti 120, ukikipa 230 kinaona ni radi imepiga, kinajitoa mhanga hapohapo, wakati mwingine na moto. Iache hukohuko.

Kinawaka ila hakina nguvu

Huyu ni wa kwetu aliyesafiri na birika au pasi kwenda Marekani au Japani. Kitu cha volti 230 ukikipa 120 hakiungui, kinanyong'onyea, kinapata kama robo ya nguvu yake. Birika la wati 2,000 kule linabaki na wati kama 540, lita moja ya maji ambayo hapa unaichemsha kwa dakika 3 inakula zaidi ya dakika 10. Pasi inapata joto la kukunja nguo, sio la kunyoosha. Feni na blenda za mota zenyewe usizilazimishe, mota ikishindwa kuzunguka inavuma na kupata moto.

Dawa sio konveta. Dawa ni kuacha birika nyumbani. Nyumba na hoteli za huko zina pasi na draya zao, na ukikosa kabisa, ukinunua birika la bei ndogo kulekule umetumia hela kidogo kuliko konveta, na begi lako limepungua kilo. Kitu chochote kinachotengeneza joto usisafiri nacho, isipokuwa kimeandikwa volti mbili na kina kaswichi ka kuchagua, draya ndogo za safari zinakuwa nazo. Na hizo nazo angalia kaswichi kabla ya kuchomeka kila unapovuka mpaka, ikibaki kwenye 125 ukarudi nayo Dodoma tunarudi kwenye moshi.

Nimenunua konveta na bado kimeungua

Hapa ndo pana utata kidogo, twende polepole.

Madukani kuna vitu viwili vinavyoitwa jina moja. Kuna ile nyepesi ya mkononi, imeandikwa wati 1,600 au 2,000 kwa maandishi makubwa na unajiuliza nguvu zote hizo zinakaa wapi. Hiyo haina transfoma ndani, inakatakata umeme ili ufike kidogo, na umeme wa kukatwakatwa hivyo unafaa kwa waya wa kupasha joto tu, kama pasi ya kawaida au draya ya zamani isiyo na skrini. Ukiichomekea kitu chenye ubongo wa elektroniki, hata jiko la wali la kisasa lenye vitufe au draya yenye namba zinazowaka, unakiua, na stika ya konveta yenyewe mara nyingi imeandika hivyo kwa maandishi madogo.

Halafu kuna transfoma ya kweli, mafundi tunaita stepdauni, boksi la chuma zito la kubeba kwa mikono miwili ukitaka ya wati nyingi. Hiyo inapokea 230 inatoa 110 iliyotulia, na inafaa kwa vitu vya elektroniki. Uzito ndo cheti chake. Ukiambiwa ni ya wati 2,000 na unaining'iniza kwenye kidole kimoja, hiyo sio transfoma, au sio 2,000.

Saizi: usinunue inayolingana na kifaa. Blenda iliyoandikwa wati 700, mota ikianza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi, mimi ningekwambia 1,500. Ukiona transfoma inanguruma kwa sauti, haiguseki kwa moto na taa ya kifaa inafifia kila ukibonyeza, umeizidishia mzigo. Kunguruma kidogo ni kawaida. Joto la kuweza kuweka kiganja na kukiacha pale ni kawaida. Harufu sio kawaida.

Na usikosee tundu. Transfoma nyingi zina matundu mawili, moja la 110 na jingine linapitisha 220 bila kushusha, na yote mawili plagi inaingia. Watu wamelipa hela nzuri ya transfoma wakachomeka upande wa 220. Wenye ampu na vyombo vya Japani wajue kwamba Japani ni 100 sio 110, kwahiyo ikipewa 110 inafanya kazi lakini inachemka kuliko kawaida yake, ukipata transfoma yenye tundu la 100 chukua hiyo.

Volti nimeweka sawa ila saa inachelewa, friji inachemka, maikrowevu inavuma

Hezi hizo. Marekani na Kanada ni 60, sisi 50, na transfoma haizigusi. Saa ya kuchomeka ukutani ya Marekani inayohesabu kwa mapigo ya umeme, hapa kila saa moja inapoteza dakika 10, umelala masaa manane umeamka inasema bado nyingi kumbe umeshachelewa basi la Nzuguni. Haina tiba, tumia saa ya simu.

Kwa friji, kompresa na maikrowevu ni kesi nzito zaidi kwa sababu mota na transfoma za ndani zilizotengenezwa kwa hezi 60, zikipewa 50 zinazunguka taratibu na kuvuta umeme mwingi zaidi wa kupasha waya. Itafanya kazi mwezi, miezi, halafu inakufa na utasema ni umeme wa hapa. Ndugu akikuuliza akutumie nini kutoka huko mwambie nguo, simu, laptop, sio friji. Na wenye nebulaiza ya mtoto (mashine ya kuvutia dawa ya kifua) iliyoletwa kutoka Marekani, hii tafadhali soma stika mara mbili, nyingi ni 120V 60Hz na kompresa yake haitasukuma vizuri hata ukiiwekea transfoma, tafuta ya 230 hapahapa kwenye maduka ya vifaa tiba.

Saudia inachanganya watu maana plagi yao ni kama yetu na volti ni 230 lakini hezi ni 60, kwa simu na laptop haina neno. Zamani walikuwa na 127, kwahiyo ukifikia jengo kuukuu uliza kwanza kama una pasi. Japani ndo kiboko, Tokyo ni 50 na Osaka ni 60, nchi moja, na yote ilianza karne ya 19 walipoagiza majenereta ya mwanzo, upande mmoja kutoka Ujerumani na mwingine kutoka Marekani, hawajawahi kuzifanya hezi ziwe moja mpaka leo.

Laptop inaning'ata

Unapitisha mkono juu ya laptop ya chuma ikiwa kwenye chaji unahisi kama inatetemeka au inakung'ata kidogo, hasa ukiwa peku. Ukiweka testa ya bisibisi inawaka na watu wanaogopa kwamba chaja ni mbovu. Mara nyingi sio mbovu. Ndani ya chaja kuna kapasita ndogo ya kuchuja kelele inayovujisha umeme kiduchu sana kwenda kwenye chuma, na huo ulitakiwa ushuke kwenye ethi. Ukitumia adapta ya miguu miwili hamna ethi, kwahiyo unashuka kupitia kwako. Tafuta adapta yenye ethi na soketi yenye ethi, inaisha.

Sasa wa Dodoma wanakuja wanasema mimi natumia plagi ya miguu mitatu na bado inaning'ata. Naenda, napima, ethi ya nyumba ni jina tu. Chuma cha ethi kimechimbiwa ardhini lakini ardhi ya huku kuanzia Mei mpaka Novemba ni vumbi tupu, na udongo mkavu haupitishi umeme. Mwezi wa pili mvua ikiwa imenyesha inapona yenyewe, ikifika Agosti inarudi, na mtu keshabadili chaja mbili. Mwite fundi mwenye leseni apime ethi kwa mashine yake, aongeze chuma kingine kirefu kifike kwenye unyevu, na wakati wa kiangazi ukimwagia maji pale kilipochimbiwa inasaidia. Hii faida yake sio laptop tu, hita ya maji ya bafuni nayo inategemea chuma hichohicho.

Kung'ata huku ni kwa kuwasha washa. Ikikurusha mkono, chomoa, hiyo ni shoti ya kweli na haihusiani na kapasita.

Skrini inajibonyeza yenyewe, au chaji inaingia kwa kusuasua

Simu ukiichaji kwa chaja ya bei chee unagusa A inaandika P. Ni kelele ya umeme wa chaja hiyo kuingia kwenye skrini, ukichomoa inatulia. Badili chaja, simu haina kosa. Na ya kusuasua mara nyingi ni vile umetumia tundu la USB la kwenye adapta yenyewe, mengi yanatoa kidogo, chomeka chaja yako halisi juu ya adapta uone tofauti. Volti 120 za Marekani hazipunguzi kasi ya chaja iliyoandikwa 100-240, watu wanasingizia umeme wa huko bure.

Inadondoka ukutani, inatoa cheche, adapta imeyeyuka

Chaja zetu ni nzito na soketi za Marekani zinashika kwa mabapa mawili tu, chaja juu ya adapta juu ya soketi, usiku inajiinamia inaachia. Ujanja wangu: beba ekstensheni fupi ya kawaida kutoka nyumbani na adapta moja nzuri, adapta inakaa ukutani na waya unalala sakafuni, unachaji simu, laptop na pawabenki kwa adapta moja. Ekstensheni hiyo ni ya chaja tu. Usichomeke hapo kitu cha joto, kule Marekani soketi ya kawaida ya chumbani inamaliza nguvu kwenye wati kama 1,800, breka inaanguka na unaanza kumtafuta mtu wa mapokezi usiku.

Adapta iliyoyeyuka angalia uandishi wake. Kama imeandikwa 6A au 10A (A ni ampia, kiasi cha umeme inachoweza kupitisha) na ulichomeka draya ya wati 2,000 ukiwa kwenye volti 230, umeshapata jibu, hiyo ni karibu 9A bila kupumzika, ya 6A imezidiwa na ya 10A ipo ukingoni. Na kama haijaandikwa kitu chochote, usiichomekee zaidi ya simu.

Kimeshaungua, kinapona?

Chaja ya laptop ya 100-240 iliyokufa ghafla, mara nyingine ni fyuzi ya plagi. Ekstensheni yenye kinga iliyolipuka, usiitengeneze. Power saplai ya kompyuta ya kitufe chekundu, mara nyingi ni fyuzi na vidude vya kinga vya mlangoni, inapona kwa bei ya kawaida. Jiko la wali lililochomekwa mara moja na kuzima lenyewe, kuna fyuzi ya joto ndani, linaweza kupona lakini utahitaji transfoma milele, kwahiyo piga hesabu kwanza. Mota zilizonuka, hapana. Na ukileta kwa fundi, lete na adapta uliyotumia, usije na kifaa peke yake.